Redio ya Baba Mkwe

Redio ya taa ya marehemu baba mkwe, aliyefanya kazi mgodi wa almasi wa Mwadui, ndiyo iliyotuokoa. Mume wangu yuko migodini Geita. Akirudi Shinyanga likizo, tulikuwa tunanuniana tu.

Safari hiyo nikataka kuichomeka, tusikie kama inaita. Akanidaka mkono. “Mama watoto, utaiunguza!”

Kumbe kapasita za karatasi na nta, zikishazeeka, huvujisha umeme. Ukiwasha kwa pupa unaweza kuunguza taa na transfoma. Tena hata ukichomoa waya, ndani mnaweza kubaki volti zaidi ya 200. Lazima uziondoe kwanza.

Basi siku 3 tulikaa mezani. Yeye anang'oa moja chakavu, mimi nampa mpya ya kipimo kilekile, volti zake zisipungue. Mikono ikiwa kazini, midomo nayo ikafunguka: upweke wangu, hofu yake ya kupunguzwa kazi ambayo hakuwahi kunitajia.

Redio ilikoroma, kisha ikatoa sauti. Tulikumbatiana kama wachumba.

Wenzangu, ukimya wa muda mrefu msiuwashe kwa hasira. Ufungueni taratibu, mng'oe kilichovuja.