Anayeshika Foleni ya Printa

Wiki ya mwisho kabla ya mazoezi ya kufundisha, kila mwanafunzi wa ualimu hapa chuoni anataka kuprinti: azimio la kazi, maandalio ya somo, fomu za tathmini. Stationery za nje ya geti zinalijua hilo, na bei inapanda bila aibu. Kwa hiyo watu wote tunakimbilia maabara ya kompyuta ya kitivo, yenye printa mbili za mtandao. Muhula huu nilikuwa msaidizi wa zamu ya jioni humo.

Wengi wanadhani kazi ile ni kujaza karatasi. Ipo hiyo. Lakini kazi yenyewe iko kwenye dirisha moja la kompyuta ya mezani kwangu. Kompyuta zetu zinatumia Linux, na kuprinti kunapita kwenye mfumo unaoitwa CUPS, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1999. Hata kompyuta za Mac zinautumia. Huhitaji kujua amri hata moja. Unafungua dirisha la printa na orodha yote iko mbele yako: nani ametuma, faili lake linaitwaje, ni kubwa kiasi gani, limetumwa saa ngapi. Unabofya tu. Unaweza kuzuia kazi ya mtu, kuiachia, kuifuta, au kuihamishia printa ya pili.

Ukiwaza vizuri, haya ni madaraka. Kumpitisha rafiki yako unazuia waliomtangulia, ya kwake inatoka, halafu unawaachia. Dakika mbili, na hakuna atakayejua. Mfumo wenyewe, kwa kawaida, huwaficha watumiaji wengine jina la faili na jina la mwenye faili. Ni jambo jema, maana barua ya mtu ya kuomba kuahirisha masomo si ya kila jicho. Ila kuficha huko huko ndiko kunakomlinda msaidizi anayependelea.

Jumatano ya wiki ile umeme ulikatika kama saa kumi jioni. Uliporudi, printa kubwa ikakaa kimya. Haikuwa imeharibika. Ilipowaka upya ruta iliipa anwani nyingine, na kompyuta zikaendelea kutuma kwenye anwani ya zamani. Wenzangu wakafanya tunachofanya wote: hamna kitu, bonyeza tena. Bado? Bonyeza tena. Foleni ikafika kazi 23. Nilibadilisha anwani kwenye mipangilio, lakini kabla sijaiachia printa nikasimama nikaanza kuuliza, wewe unataka nakala ngapi? Dada mmoja alikuwa ametuma andalio lilelile mara sita. Basi lake lilikuwa linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Tukafuta marudio, zikabaki kazi 11. Yake ilikuwa ya nne.

Hapo ndipo akaingia kiongozi mmoja wa serikali yetu ya wanafunzi (simtaji, mhariri akitaka kuikata sentensi hii, shauri yake). Akaniinamia sikioni: "Mwanangu, nipandishe, nina kikao." Kazi yake ilikuwa ya kumi, kurasa 90 na zaidi. Nikamwambia, "Kaka, hawa wote wana vikao." Akacheka, akadhani natania. Nilipogeuza skrini ili waliokaa mbele waone orodha, aliacha kucheka. Hakuna aliyemsema vibaya. Yule dada wa basi alimsogezea kiti tu, akakaa.

Sisemi mtu asipitishwe kamwe. Jioni ileile nilizuia kazi moja ya kurasa 200 iliyokuwa ya pili, wengine wenye kurasa tatu tatu wakatoka kwanza. Lakini nilimuuliza mwenyewe, mbele ya watu, akakubali. Hiyo ni tofauti na kunong'onezwa, na nadhani hata mtoto wa darasa la nne ukimwekea foleni ya uji ataiona.

Kesho yake nilimwomba msimamizi mambo mawili, akakubali yote. Kwanza, printa zitengewe anwani za kudumu kwenye ruta, ili umeme ukikatika zisipotee tena. Pili, kompyuta iliyo karibu na mlango ifunguliwe ukurasa wa CUPS, localhost:631, kwa akaunti ya kawaida. Pale unaona kazi zote kwa namba bila majina. Ukituma, nakuandikia namba yako kwenye kikaratasi, unakaa unaitazama inavyosogea.

Mimi naondoka Jumatatu kwenda kufundisha. Neno la siri la dirisha lile wanalo wawili watakaonipokea zamu. Vikaratasi viko kwenye droo ya kushoto, na printa ndogo ikikwama karatasi, fungua mlango wa nyuma kwanza. Usivute kwa mbele.