Tulisoma chuo kimoja, kumbe viwili

Mwenzenu nimeolewa na mtu niliyesoma naye. Chuo kimoja, kozi moja, mwaka mmoja, kuanzia 2008 hadi 2011, hapo hapo jijini Dar. Chuo chenyewe sikitaji, nina marafiki wanafundisha pale. Watu wakisikia hivyo husema, "Wenzetu raha, historia yenu moja." Na mimi nilidhani hivyo hivyo mpaka Oktoba 2024, mdogo wangu alipopiga simu kutoka nyumbani Katubuka, Kigoma. Amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma na ana swali moja tu: "Dada, chuo kikoje?"

Simu ilikuwa kwenye spika, tuko mezani. Kabla sijafungua mdomo mume wangu akadakia. "Shemeji, chuo raha! Ile ndiyo miaka mitamu kuliko yote. Nenda kale bata." Akaanza kumhadithia mechi za Jumamosi, stori za kwenye vimbweta mpaka saa nane za usiku, bumu likitoka watu wanavyobadilisha viatu. Mimi nikainuka kukusanya sahani.

"Na wewe dada unasemaje?"

"Shemeji yako ameshasema," nikamjibu. Simu ilipokatika nilibaki jikoni na donge kooni, sahani safi nazisugua upya.

Ngoja niwape upande wangu. Kwetu ni mwisho wa reli, na kutoka hapo mpaka Dar ni zaidi ya kilometa 1,200. Siku zile kwa treni ilikuwa siku mbili, nyingine tatu. Nilipanda na begi moja, dumu la mawese na mfuko wa dagaa aliofunga mama. Mama yangu alikuwa anachukua dagaa mwaloni Kibirizi na kuuza sokoni Mwanga, na hadi leo ndiyo kazi yake. Siku ile alivaa kitenge cha sikukuu kunisindikiza stesheni, eti anasindikiza msomi.

Nimefika chuoni, chumba hakuna. Nikabebwa. Kwa asiyejua, kubebana ni hivi: mwenzako kapata kitanda, wewe hujapata, basi mnalala wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja. Sisi tulilala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu, yangu usoni kwake, mwaka mzima. Mchana begi langu linakaa chini ya kitanda kwa siri, na mimi natafuta pa kukaa mpaka giza liingie.

Bumu wakati wetu lilikuwa shilingi 5,000 kwa siku. Kwa karatasi linatosha. Lakini nyumbani kulikuwa na wadogo wawili wako sekondari, na bumu likiingia nusu yake inarudi Kigoma. Kwa hiyo nilikuwa fundi wa pasi ndefu: chai asubuhi, halafu tunaonana jioni. Kipindi cha saa moja asubuhi ukumbi unajaa mpaka milangoni, mimi nakaa kwenye ngazi na daftari magotini. Mwisho wa mwaka nikapata sapu tatu. Kidogo nidisko. Mama alipopiga simu kuuliza masomo, nikamwambia, "Mazuri tu mama." Zile sapu nilizisafisha likizo, nimejificha kwa rafiki, nyumbani nimesema nafanya kazi ya muda.

Sasa huyu mume wangu mwaka huo huo alikuwa wapi? Alikuwa mstari wa pili kutoka mbele. Anatoka kwao Tabata, amekunywa chai na maandazi, ada kalipa baba yake. Jioni anarudi kwao kulala kitandani kwake. Simlaumu, kuzaliwa Tabata si kosa. Tulifahamiana mwaka wa pili, mimi nimeshapata kitanda, nimeshanenepa kidogo, nacheka. Huyo ndiye msichana aliyemjua, na mimi sikuona sababu ya kumtambulisha kwa yule wa ngazini.

Kinachonichekesha mpaka leo ni zile fomu. Kila mwisho wa muhula tunagawiwa karatasi ya tathmini: zungusha namba kuanzia 1 hadi 5. Mhadhiri anafika kwa wakati? Anaeleweka? Anatoa mifano? Nilikuwa nazungusha nne, nne, nne, haraka haraka, maana niko kwenye pasi ndefu na nataka kutoka. Nilimuuliza mume wangu yeye alikuwa anazungusha ngapi. Nne, anasema, isipokuwa yule wa takwimu alimpa mbili. Basi mtu wa ngazini na mtu wa mstari wa pili wakijumlishwa wanatoka na wastani wa nne, na chuo kinajua wanafunzi wake wako vizuri. Hakuna mahali walipouliza jana ulilala wapi.

Usiku ule nilimwambia yote. Mwanzo alicheka, akidhani ni zile stori zetu za chuo. Nilipofika kwenye sapu akanyamaza. "Miaka kumi na moja ya ndoa," akasema, "na hukuniambia?" Mkopo aliujua, aliuona kwenye hati yangu ya mshahara, maana makato yalikuwa asilimia 8 na mwaka 2016 sheria ikabadilika yakawa asilimia 15. Nakumbuka tulivyogombana tukinunua kiwanja, eti mchango wangu mdogo. Deni alilijua vizuri tu. Lilinunua nini, hilo ndilo lilikuwa geni.

Tatizo likaja kwenye hela. Mdogo wangu amepata mkopo, sawa, lakini mkopo haununui godoro na ndoo siku unayoshuka stesheni. Na mama mwaka ule alikuwa hoi. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane, jambo zuri kabisa, ila kwa muuza dagaa ni miezi mitatu ya kula mtaji. Mimi nikasema tumpe laki tano za kuanzia, na kila mwezi kitu kidogo. Mume wangu, kwa mazoea tu, akasema, "Si apambane kama sisi?"

"Kama sisi nani?"

Hakujibu. Alitoka nje, akaa kibarazani muda mrefu. Aliporudi aliuliza jambo ambalo sikulitegemea: yule aliyenibeba ni nani, na kama tulishawahi kumshukuru. Ni yule aliyekuwa matroni wetu siku ya harusi. Alimpa mkono tu kama wageni wengine.

Sisemi chuo kilikuwa jehanamu. Kule ndiko nilikojifunza kubishana na mwanaume bila kuinamisha kichwa, na maktaba ndiyo ilikuwa sebule yangu ya kwanza yenye taa isiyokatika. Mambo mengine pia yamebadilika. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa hosteli za wanafunzi 3,840, na mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Bei ya wali nayo haikukaa kusubiri, lakini ni hatua.

Jumapili tukapiga simu, safari hii wote wawili. Nilimweleza mdogo wangu kila kitu: kitanda, pasi ndefu, ngazi, sapu tatu. Nikamwambia akikwama aseme, asiwe kama mimi. Mume wangu akamwambia mambo yote ya raha aliyosema yalikuwa kweli, ila yalikuwa ya kwake. Akaahidi kwamba siku anafika tutapanda treni ya umeme, iliyoanza mwaka huo huo kwenda Dodoma, tukampokee na godoro lake.

Upande wa pili kukawa kimya. Halafu nikasikia mtu akikohoa, na hakuwa mdogo wangu. Kumbe na wao wameweka spika.

"Sasa wewe mwanangu," mama akasema taratibu, "yale mawese na dagaa niliyokuwa nakutumia kwa treni kila muhula, ulikuwa unakulia nini?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa nawauzia akina mama wa mgahawa, napata hela ya kutoa kopi za madesa.

Mama akanyamaza. Nikajua analia.

"Kwa bei gani?" akauliza.