Mtoto wa Kulea

Kwetu ni Kadutu. Miaka miwili tulikuwa yaya huko Ibanda, karibu na ziwa Kivu, katika nyumba ya watu wenye mali. Tulilala huko huko, tukirudi kwetu mara moja tu kwa mwezi. Mapatano ya kimataifa ya mwaka 2011 juu ya watumishi wa nyumbani yataka wapumzike walau saa 24 mfululizo kila juma, sisi hatukuyajua.

Chakula kilijaa, ila wazazi hawakuonekana. Usiku mmoja mtoto alishikwa na homa kali. Tukapiga simu, haikujibiwa. Basi tukambeba mgongoni mpaka zahanati, tukalipa kwa fedha yetu. Alipopata nafuu alituita “Mama.” Tukafurahi.

Mwisho wa mwezi tulifika kwetu. Mwana wetu, aliyelelewa na bibi yake, akatuamkia: “Shikamoo, dada.” Hapo tukalia.

Enyi wazazi matajiri, fedha yenu yaweza kuajiri mikono ya yaya. Lakini mkumbuke: mikono hiyo imetoka kwa mtoto mwingine.