Rimoti Moja, Watu Wawili

Nyumbani kwetu hapa Sakina, Arusha, rimoti ni moja na ubishi hauishi. Mume wangu ni mgonjwa wa Hatari!, ile filamu ya John Wayne ya mwaka 1962. Kisa? Ilipigwa huku kwetu, Momella, chini ya Mlima Meru. Faru akikimbizwa tu, ananigusa bega: “Ona kwetu!” Namjibu, kwetu nakuona, jina nalo la Kiswahili, ila mbona maneno na mapenzi yote ni ya wageni?

Mie ni wa King Majuto. Mzee yule wa Tanga hakuhitaji faru. Uso wake na ubishi wake vilitosha. Mwenzangu akasema zile ni kelele. Nikanuna. Tukafika mahali kila mtu na simu yake, hedifoni masikioni, tunalala bila hata “usiku mwema”. Hapo niliogopa.

Jumamosi moja ya baridi, simu yake ikaisha chaji. Nami nikachomoa hedifoni, nikamwachia Majuto kwa sauti. Alivumilia kidogo, kisha akaangua kicheko mpaka chai ikamwagika. Sikumtazama Majuto tena, nilimtazama yeye. Kicheko kile ndicho kilichonifanya nimkubali, nami nilishakisahau!

Majuto alifariki Agosti 2018, lakini kwetu bado anasuluhisha. Siku hizi Ijumaa ni zamu yangu, Jumamosi ni ya Hatari! Meru ukitokea, namuwahi: namgusa bega mimi.

Je, kwenu rimoti anashika nani?