Kimya Hakikuuzwa Kigoma

Waimba besi wetu karibu wote walikuwa wavuvi, kwa hiyo ratiba ya studio ilipangwa na mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, ndakala hawaijali taa ya mvuvi, mitumbwi inabaki ufukoni, na zile sauti nzito zinapatikana mjini kwa siku kadhaa. Giza likirudi, wanaume wanarudi ziwani, na korale inabaki na soprano na alto peke yao. Aliyetaka kurekodi katika mji wetu wa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, miaka ile ilimbidi alijue hilo kabla ya kujua lolote kuhusu mikro.

Studio naiita hivyo kwa heshima tu. Kilikuwa chumba cha mbele cha mwalimu wa korale, katika nyumba ya matofali mabichi yenye mabati juu, mbali kidogo na makelele ya soko. Wengi wetu tulikuwa tumerudi karibuni kutoka ng'ambo. Vita vya 1996 na vya 1998 vilitupeleka Tanzania, huyu kambi ya Nyarugusu, yule ya Lugufu, na tangu Oktoba 2005 meli za kurudisha wakimbizi, Mwongozo ikiwa mojawapo, zikawa zinavuka kutoka Kigoma na kutushusha Baraka na mizigo yetu. Korale iliundwa kambini. Ilirudi nzima, na nyimbo zake, na sare zake za kitenge, na redio-kaseti moja ya deki mbili ambayo mwalimu aliipakata mapajani njia nzima, akakataa katakata isiwekwe kwenye shehena.

Hiyo redio ndiyo iliyokuwa studio mwanzoni. Baadaye ikaongezeka kompyuta ya mkononi iliyokwisha kupita mikono mingi, ndani yake Audacity, programu ya bure, na mikro moja ya waya yenye jina la Shure ubavuni. Mikro ile, SM58, inatengenezwa tangu 1966, na bandia zake zimejaa masokoni. Yetu ilinunuliwa kwa bei ambayo peke yake ilitosha kueleza ilikotoka. Lakini ilifanya kazi. Mikro ya namna hiyo haidai umeme wake yenyewe, haiogopi vumbi, na ukiiangusha unaiokota, unaipuliza, unaendelea.

Tamaa ya vyombo ilitufikia kwa macho. Mjini kulikuwa na vibanda vya video, na siku ambazo hakuna mpira wala filamu ya ngumi walionyesha kwaya za Dar es Salaam na Nairobi: watu wamevaa suti za rangi moja, wamesimama kando ya maporomoko ya maji, na nyuma yao mtu anabonyeza kinanda ambacho hata waya hakina. Sisi vijana wa vyombo tulikaa mstari wa mbele. Tulimsihi mwenye rimoti asimamishe picha ili tusome jina la kinanda. Wimbo wenyewe tulikuwa hatuusikii tena, tunahesabu bafle, yaani spika. Tukitoka pale, kila mmoja alikuwa na hakika kwamba kinachotutenga na wale wa kwenye kioo ni dola mia chache tu.

Mwalimu hakubishana nasi. Alikuwa na swali moja, na aliliuliza bila ukali, kama anayeuliza bei ya ndakala: "Hicho chombo kikija, utatoka wimbo gani ambao leo hautoki?" Ukiwa na jibu alikusikiliza mpaka mwisho. Mara nyingi hukuwa nalo, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa kwamba unakitaka basi.

Yaya mmoja, yaani ndugu mkubwa, wa ukoo wetu alikuwa na uwezo wa kutojibu. Aliuza mota ya mtumbwi wa baba yake, kwa ruhusa ya mzee mwenyewe, akavuka Kigoma, akaendelea na gari moshi hadi Dar, akarudi na mikro ya kondensa, kisanduku cha kuilisha volti 48, mikseri yenye vifungo visivyohesabika na bafle mbili zilizobebwa na watu wanne. Tulikwenda kumsalimu kama anayetoka hija. Kondensa ina sikio kali. Katika chumba kilichozibwa sawasawa inasikia hata ulimi ukigusa meno, na ndiyo sababu wenye studio kubwa wanaipenda. Baraka hapakuwa na chumba kilichozibwa sawasawa. Siku ya kwanza ilimrekodi mwimbaji, na nyuma ya mwimbaji ikarekodi mbuzi, mtoto wa jirani, jenereta ya muuza vinywaji, na mama mmoja barabarani anayedai pesa zake za unga. Maneno ya yule mama yalisikika vizuri kuliko ubeti wa pili. Tulicheka, naye akacheka. Chombo hakikuwa na kasoro yoyote. Kilifanya kazi yake kuliko tulivyoomba.

Simsemi kama mjinga, maana hakuwa. Mikseri na zile bafle alizikodisha kwenye ndoa na matanga, Baraka, Mboko, hata Lusenda, na kabla watu hawajamaliza kumsengenya mota mpya ilikuwa majini. Kazi ya sono, ya kukodisha vyombo vya sauti, inalipa. Iliyobaki kwenye sanduku lake la sponji ni kondensa. Nikiulizwa leo chombo gani kinunuliwe kwanza, bado namkumbuka yeye: kile ambacho kikitoka nje asubuhi kinarudi jioni na kitu mkononi.

Rekodi zetu zilikuwa na maadui wawili, na dawa ya wote wawili haikuuzwa Kigoma wala Uvira. Wa kwanza ni kelele. Mji haukuwa na umeme wa kampuni, kwa hiyo kila mwenye duka, kinyozi na mwenye kuchaji simu alikuwa na jenereta yake, na kila jenereta ina wimbo wake. Walizima usiku, mmoja mmoja. Tulijifunza kuwatambua. Ile yenye kikohozi ni ya kinyozi, ile inayopiga kama ngoma ni ya kwenye baa, na hiyo ya baa ndiyo ya mwisho daima. Ikinyamaza, tulikuwa na kipande cha usiku kati yake na jogoo wa kwanza. Baada ya jogoo inakuja adhana ya alfajiri, kisha wanawake wanaoshuka ziwani na ndoo, na kazi imekwisha. Ndani ya kipande hicho watu thelathini walilazimika kuimba bila kukosea, huku nusu yao wanasinzia. Majira ya mvua hatukujaribu kabisa. Mvua ya Tanganyika juu ya mabati haina programu ya kuiondoa.

Wa pili alikuwa mvumo. Kuna miezi tulisikia chini ya kila wimbo sauti kama nyuki aliyefungiwa kopo, na vijana wote tukaamua kwamba ni mikro, ni mikro ya bandia, tumelijua hilo tangu zamani, tununue nyingine. Michango ilikwisha kuanza. Usiku mmoja mwalimu aliikumbatia kompyuta, akachomoa chaja, akaweka kaske masikioni, akachomeka, akachomoa tena. Nyuki alikuwa anaishi kwenye chaja na kile kibadilisha umeme cha bei rahisi kilichounganishwa na betri ya gari. Kuanzia hapo kila kurekodi kulianza kwa kuchomoa. Betri ya kompyuta ilikuwa imechoka, ilituvumilia kwa wimbo mmoja na nusu, kwa hiyo nyimbo zilifupishwa. Zile beti za saba na nane ambazo mwalimu hakuwahi kupata ujasiri wa kuwanyima watunzi wake, betri iliwanyima. Kwa maoni yangu nyimbo zilipendeza zaidi, ingawa wapo watunzi ambao mpaka leo hawajaliafiki jambo hilo.

Chumba tulikitengeneza kwa vilivyokuwemo. Nyavu za ndakala za waimba besi, zilizokuwa zimelala bila kazi kwa ajili ya mwezi, tulizirundika kwenye pembe mbili za nyuma hadi kifuani. Hakuna sponji ya studio inayozishinda kwa kumeza mwangwi, ila harufu yake soprano waliipigia kura ya kupinga kila mara. Magunia ya mihogo mikavu yalikaa chini ya dirisha. Vitenge tulivitundika kwenye kamba, si kwa kubandika ukutani bali mbele ya ukuta, kiganja kimoja au viwili, kwa sababu kitambaa chenye hewa nyuma yake kinakamata sauti kuliko kilicholalia tofali. Hilo hatukulisoma popote. Mama mmoja wa alto alitundika kitenge chake vibaya, chumba kikabadilika, na mwalimu akamwambia asikiguse.

Kwa kuwa mikro ilikuwa moja, mikseri yetu ilikuwa miguu. Mwalimu alichora sakafuni kwa mkaa: hapa soprano, hatua mbili nyuma, hapa alto, hapa besi, karibu, na msalaba mdogo mbele kabisa kwa mwimbaji kiongozi. Wataalamu wanasema ukiongeza umbali wako na mikro mara mbili, sauti inapungua kwa desibeli sita, na nimekuja kuipima hesabu hiyo baadaye kwenye vyombo vizuri nikaikuta kweli. Mwalimu aliijua kwa mkaa. Mwenye sauti ya kupasua alisogezwa nyuma nusu unyayo, akarekodiwa, akasogezwa tena. Kulikuwa na dada mmoja aliyeishia kuimba akiwa mlangoni, mgongo nje, na rekodi zile ukizisikia utadhani yuko katikati ya wenzake. Kiongozi alifundishwa kuegemea mikro kwenye neno la chini na kujivuta kwenye neno la juu. Alipomaliza kujifunza hilo, hakuna tena aliyezungumzia kununua kile chombo cha kubana sauti tulichokuwa tumeandika kwenye orodha yetu kwa wino mwekundu.

Mara moja tulipanda Fizi, kule juu ambako ni makao ya teritwari na hewa ni nyingine, na pikipiki mbili, kurekodi akina mama wazee wa ukoo wa mwalimu. Tulipelekwa kwenye nyumba nzuri ya saruji ya mtu mwenye cheo. Tukapiga makofi mara moja: chumba kikajibu kama pipa. Mwalimu akashukuru sana kwa heshima hiyo, akaomba kwenda kuamkia jikoni. Jiko lilikuwa kibanda cha udongo chenye nyasi juu, masizi kila mahali, kuni zimepangwa ukutani ovyo ovyo. Akapiga makofi tena na kofi likafia pale pale. Tukarekodi humo, wazee wamekaa kwenye vigoda, sisi tunatokwa machozi ya moshi. Katikati ya wimbo wa tatu mvua ikaanza. Tuliangaliana, mkono wa mwalimu ukabaki hewani, tukisubiri ile ghasia ya mabati. Haikuja. Nyasi zilipokea mvua yote, na katika rekodi ile inasikika mbali, laini, chini ya sauti za wale mama, wala hakuna aliyetamani kuiondoa.

Sipendi hata hivyo wanaosifu umaskini kwa kupitia muziki wetu. Kundi la Konono N°1 la Kinshasa lilipojulikana Ulaya miaka ya 2000, watu wa huko walishangilia mno kwamba mikro za likembe zao, zile marimba za mkono, zilitengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari, kana kwamba vyuma chakavu vina roho. Kazi ya zile mikro ilikuwa kuifanya likembe isikike juu ya kelele za mji mkubwa, na ziliiweza. Gitaa letu la kwanza la nyuzi za waya wa breki ya baiskeli lilikuwa na sifa moja tu, kwamba lilikuwepo. Lilipokuja la dukani hakuna aliyelilia la zamani, na vidole vya mpigaji vilipona.

Ndiyo maana mabishano yalikuwa makali siku pesa zilipofika. Mwenzetu wa zamani wa korale, aliyepelekwa Marekani kutoka Nyarugusu, alituma dola mia mbili na hamsini na neno moja: zinunue chombo. Kamati ilikaa baada ya ibada. Vijana tulitaka kinanda, kile kile tulichokisoma kwenye kioo, hata kama ni kwa malipo ya awali. Mhasibu alitaka bafle. Mwalimu alisubiri kila mtu amalize, akauliza swali lake, kisha akasema lake yeye: betri ya sola, kaske nzuri, na kable ya mikro yenye mita ishirini.

"Papa, kable?" mtu akamkatiza. "Mia mbili na hamsini zije kuwa kable?"

Akaeleza polepole. Kompyuta ina feni, feni inasikika kwenye kila wimbo, na kable yetu ni ya mita tatu. Kukiwa na kable ndefu, kompyuta inahamia chumba cha nyuma pamoja na anayeiendesha, mlango unafungwa, na huku wanabaki waimbaji na mikro tu. Betri ya sola inamaliza kesi ya wimbo na nusu. Watunzi wa beti nyingi walimpigia kura kwa sababu hiyo peke yake.

Mhasibu ndiye aliyetumwa Uvira. Alirudi na vyote vitatu na risiti, na kwenye risiti imeandikwa mita ishirini. Mwalimu aliitandaza kable uani mbele ya kamati, akaomba futi ya fundi cherehani wa jirani, akapiga magoti, akaanza kupima kipande kwa kipande huku watoto wanahesabu kwa sauti. Ikaishia kumi na sita na kidogo. Mhasibu akaanza kutueleza habari ndefu za muuza duka, na bodaboda, na polisi wa njiani. Mwalimu alimwambia aendelee tu kueleza, watu wanamsikiliza, akaichukua kable begani na kuingia ndani kujaribu kama inafika chumba cha nyuma.

Ilifika, ikabaki na mita moja hivi.