Barua kwa Mpwa Wangu Anayetaka Kuchonga Kalibu

Tabata, Dar es Salaam

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenipigia simu kulalamika kwamba chuo kikuu hukitaki tena, unataka VETA Chang'ombe ukajifunze kukereza chuma, hatimaye uwe fundi wa kalibu za plastiki. Nimemwambia akuache. Sasa nisikilize wewe.

Kalibu huchongwa kinyumenyume. Huchongi ndoo, unachonga uwazi ndani ya feleji, plastiki ya moto isukumwe humo, ipoe, itoke ndoo. Ukisimamisha ukuta wima kabisa, ndoo inang'ang'ania humo humo. Upe mteremko, hata wa digrii moja.

Mimi niliwahi kupewa kalibu ya mfuniko wa ndoo, kipenyo milimita 300. Nikachonga 300 kamili, nikajiona fundi. Nilisahau kwamba polipropilini ikipoa husinyaa, yapata asilimia 1.5. Mifuniko ikatoka pungufu milimita 4 na nusu, hakuna hata mmoja uliokaa kwenye ndoo. Jike, yaani upande wenye uwazi, tulilipanua. Dume, upande unaoingia ndani ya jike, ilibidi lichongwe upya, maana feleji ukishaikata hairudi. Nilikatwa mshahara miezi miwili, na mama yako ndiye aliyenilisha; muulize.

Utasema siku hizi kompyuta inakokotoa yote. Kweli, na uijifunze vizuri. Lakini anayesikia kisu kimeanza kulia kwa ubutu ni wewe. Na kung'arisha bado ni mkono: msasa namba 320, 600, 1200, kisha dawa ya almasi, siku nzima juu ya kipande kisichozidi kiganja. Hapo ndipo vijana wengi hukimbia.

Usianze na kalibu mpya, anza na kutengeneza zilizoharibika. Nyingi viwandani kwetu zinatoka China na India, nazo huvunjika pini usiku wa manane, mashine ikasimama na watu wakakaa bure. Fundi anayejua kuzitengeneza hupigiwa simu saa hiyo hiyo, na bei hutaja yeye. Hiyo ndiyo shule yako ya pili.

Mshahara wa kwanza nunua mikromita yako. Usimwazime mtu, hata mimi.

Njoo Jumamosi asubuhi na ovaroli. Nina dume moja bovu hapa, tutalifungua pamoja.

Mjomba wako