Bunduki moja, namba mbili

Bunia. Mzee mmoja wa kambi ya Kigonze, aliyekimbia wilaya ya Djugu mwezi wa Juni 2019, hana kitu cha thamani ndani ya hema lake. Nyumba ya mabati imebaki kule, mbuzi wamebaki kule, shamba la muhogo sasa ni pori. Kitu kimoja tu kiliwahi kufika Bunia kabla yake, nacho hajawahi kukiingiza kambini hata usiku mmoja: bunduki ya kuwinda, kalibri 12, ile ya kupompa.

Aliipeleka kwa mpwa wake, mtaa wa Lumumba, mwanzoni mwa mwaka 2018, wakati mauaji yalipoanza tena Djugu. Alifikiri itakaa miezi mitatu. Imekaa miaka, imefungwa ndani ya gunia juu ya dari, bila risasi hata moja. Mpwa ana watoto wanne chini ya dari hiyo, na kila askari akipita njiani mke wake anaacha kazi ya jikoni na kusimama kimya.

Safari hii ni mpwa aliyekuja kambini. Kuna mtu amesikia habari ya bunduki, anataka kununua, analipa dola, tena leo leo.

"Aliuliza karatasi?" mzee akauliza.

"Hapana, mjomba. Hakuuliza kitu."

"Basi huyo hataki kuwinda."

Maneno hayo yangeweza kumaliza mambo, kama si kwamba mpwa naye alikuwa na haki. Hawezi kuendelea kulala chini ya silaha isiyo yake. Tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa wa Ituri uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mahakama za kijeshi zikapewa kesi za jinai hata za raia. Nani atamwambia hakimu kwamba bunduki ni ya mjomba, na mjomba yuko Kigonze? Wakakubaliana: itarudishwa mikononi mwa serikali. Lakini mzee akasema kwanza wahakikishe kwamba namba ya bunduki na namba ya karatasi ni moja. Hofu hiyo alikuwa nayo muda mrefu, na hakuwa amemwambia mtu.

Bunduki haipitishwi mjini, hata ndani ya gunia, hata kwa nia njema. Kwa hiyo fundi ndiye aliyekwenda kwenye bunduki. Ni mtu mzima aliyestaafu jeshini, alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya silaha, na leo anatengeneza vyerehani. Mtaani wanamwita Adjida. Alikuja na miwani, kitambaa, mafuta kidogo ya cherehani na tochi ya simu. Kabla ya neno lolote aliwatoa watoto nje. Halafu akaelekeza mtutu ukutani, akavuta mkono wa kupompa nyuma, akaingiza kidole kuhakikisha chemba ni tupu, akaangalia pia bomba la risasi lililo chini ya mtutu. Watu wengi husahau bomba hilo. Wanaona chemba tupu, wanafikiri bunduki imelala, kumbe risasi bado ziko ndani zinangoja kupompwa.

Karatasi ya mzee ni ya mwaka 1994, imeandikwa kwa mashine, imekunjwa hadi mikunjo imekuwa matundu. Imetaja jina lake, aina ya bunduki, na namba. Sheria ya silaha ya Kongo ni ile ya tarehe 3 Septemba 1985, na chini yake kibali kinaandikwa kwa jina la mtu. Ukiuza bunduki kwa jirani, jirani hapati kibali pamoja nayo. Mzee alijua hilo. Aliinunua kwa mkono wa pili kwa mfanyabiashara wa Mahagi, akaenda mwenyewe kubadilisha jina, akangoja wiki tatu.

Adjida akaipangusa ubavuni, kwenye kasha la chuma linalobeba kifyatulio. Herufi zikatoka polepole chini ya kutu: Manufrance, Saint-Étienne. Ni kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1885, ikafa miaka ya 1980. Iliuza bunduki, baiskeli na vyerehani, na bunduki yake ya kupompa iliitwa Rapid. Akatafuta namba, akaisoma tarakimu moja moja huku mpwa anafuata kwa kidole kwenye karatasi. Zote zililingana. Mzee akashusha pumzi.

"Ngoja kwanza, mzee wangu," Adjida akasema. Alikuwa ameshafika kwenye mtutu.

Mtutu nao una maandishi yake, karibu na chemba. Hapo ndipo nyumba ya majaribio inapopiga alama baada ya kufyatua risasi kali kuliko kawaida ili kuona kama chuma kitavumilia. Bunduki nyingi za zamani za Kongo zina alama ya Liège, mji wa Wabelgiji wenye kazi hiyo. Hii ilikuwa na ya Saint-Étienne. Pia kuna 12 na 70. Kumi na mbili ni kalibri: hesabu ya zamani ya Waingereza, kwamba ratili moja ya risasi, kama gramu 453, inatoa tufe kumi na mbili zenye upana wa mtutu, yaani karibu milimita 18 na nusu. Sabini ni urefu wa chemba kwa milimita. Bunduki nyingine za zamani zina 65, na risasi ya 70 inaingia humo bila kukataa, lakini ikifunguka haina nafasi, na nguvu yote inarudi kwa mwenye bunduki. Mambo haya hayakuwa mapya kwa Adjida. Kilichomsimamisha ni namba nyingine, iliyopigwa chini ya alama, isiyofanana hata kidogo na ile ya kwanza.

"Huu mtutu hauko wa hii bunduki. Umekubali kuingia juu ni wa ndugu yake, Rapid nyingine. Ukileta wa Remington 870 ao wa Mossberg 500, hata vyote ni kalibri 12, hauwezi kuingia. Kalibri ni ya risasi tu, haiko ya vyuma."

Mpwa akamtazama mjomba wake. Mzee akatazama kidole chake cha kushoto, kile kilichokatika.

Mtutu wa kwanza ulipasuka mwaka 2001. Mtoto wa kaka yake alichanganya risasi mfukoni, akaweka ya kalibri 20 ndani ya bunduki ya 12. Hiyo ndogo haikai kwenye chemba. Inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu, na aliye nyuma haioni. Akafyatua, kimya. Akadhani haikuingia, akaweka ya 12 nyuma yake, akampa mzee. Ndiyo sababu viwanda vingi hupaka risasi za 20 rangi ya manjano, ili macho yaone kabla ya mkono. Lakini rangi inasaidia mchana tu, na wao waliwinda usiku.

Bunduki ikakaa bila mtutu miaka miwili. Kisha, mwaka 2003, kijana akapita kijijini na mtutu peke yake, umefungwa na kitenge. Wenye umri wanaukumbuka mwaka ule wa Bunia, kabla na baada ya askari wa Ulaya wa operesheni Artemis kufika mwezi wa Juni. Kila kitu kiliuzwa barabarani: milango, magodoro, mashine za kusaga, vitanda vya hospitali. Mzee alitoa mbuzi mmoja. Mtutu uliingia mara ya kwanza, bila kupigwa tupa, akafurahi. Hakuuliza umetoka wapi.

Rapid hazikuwa nyingi Ituri. Aliyekuwa nayo alijulikana: mwenye shamba la kahawa, mwalimu mkuu, chifu, katekista mwenye bahati. Mtu wa namna hiyo hatoi mtutu wa bunduki yake na kubaki na kitako. Adjida hakusema hivyo, wala mpwa, lakini chumba chote kilikuwa kinafikiri jambo hilo, na mzee ndiye aliyelitamka: "Mwenyewe alikufa."

Mwaka 2004 na 2005, wakati wa kukusanya silaha Ituri, wapiganaji zaidi ya 15,000 walipita kwenye vituo, na rundo la bunduki za kuwinda likapita pamoja nao. Mzee hakwenda, kwa sababu hakuwa mpiganaji na alikuwa na karatasi. Mwaka huohuo wa 2004 Kongo ilisaini Itifaki ya Nairobi, inayotaka kila silaha ipigwe alama na namba iandikwe mahali pa kutunzwa. Kwenye mkutano ni maneno makavu. Juu ya mkeka wa mtaa wa Lumumba, namba ya pili ilikuwa ni mtu.

Mpwa alipendekeza namba ya mtutu ipigwe tupa kabla ya kwenda, ili maswali yapungue. Adjida akakataa, akasema chuma kilichofutwa namba kinamfunga mwenye nacho haraka kuliko chuma chenye namba ya mwingine. Mzee alikataa kwa sababu yake mwenyewe. Akaomba kalamu, akaandika namba zote mbili nyuma ya daftari la shule la mjukuu wake, moja chini ya nyingine, na pembeni ya ile ya pili akaandika: 2003, mbuzi mmoja.

Siku ya Jumatatu alikwenda ofisini bila bunduki, na karatasi yake ya 1994 na daftari. Aliyempokea alisoma polepole, akauliza silaha iko nyumba gani, akasema watakwenda kuichukua wao wenyewe, mtu asiiguse. Halafu akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

"Na hii ni ya nani, papa?"

"Nami nimekuja kuuliza hiyo," mzee akajibu.

Ofisa akanakili namba, akamwambia arudi Alhamisi.